Maswali ya Wasomaji: Kwenda Jekyll, Kisiwa Kilichokuwa cha Matajiri Mia Moja

Katika toleo lililopita tulikigusia kwa aya moja tu kisiwa cha Jekyll, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, ambacho kwa zaidi ya nusu karne kilikuwa mahali pa mapumziko pa familia tajiri kuliko zote katika nchi hiyo. Aya ile imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe iliyoibeba. Tumechagua nne, na tumeipa nafasi kubwa ile ya kwanza kwa sababu imeuliza yale ambayo wengine waliyazunguka.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Atlanta. Wazazi wangu watakuja kututembelea mwezi wa Oktoba, nasi tumefikiria kuwapeleka Jekyll kwa siku mbili. Baba ni mwalimu mstaafu wa historia, na ameshaniambia kwenye simu kwamba hatakaa ndani ya ndege saa zote hizo ili aje kutazama majumba ya matajiri. Mama anasumbuliwa na goti na hawezi kutembea mwendo mrefu. Je, watu wa kawaida wanaruhusiwa kuingia? Na kuna lolote huko la kumridhisha mzee huyu? — Msomaji, Atlanta

JIBU: Dada yetu wa Atlanta, tuanze na lililo jepesi. Mnaruhusiwa kuingia bila mwaliko wa mtu yeyote. Mwaka 1947 serikali ya jimbo la Georgia ilikitwaa kisiwa chote kwa dola 675,000, na tangu 1948 kimekuwa wazi kwa umma. Mwanzoni watu walivuka kwa mashua. Daraja la kutoka bara lilifunguliwa Desemba 1954. Leo mtapita kwenye lango lililo kando ya barabara inayokatiza mabwawa ya maji ya chumvi, na hapo mtalipa ada inayotozwa kwa gari wala si kwa kichwa, kwa hiyo wanne ndani ya gari moja hawalipi zaidi ya dereva aliye peke yake. Kutoka Atlanta ni safari ya zaidi ya kilomita 450 kupitia Macon na viunga vya Savannah, kisha kusini hadi mji wa Brunswick. Msitegemee basi, maana bila gari hamtafika kwa urahisi.

Jekyll ni kisiwa cha aina ambayo wanajiografia hukiita kisiwa kinga: ukanda mrefu na mwembamba wa mchanga uliolala sambamba na mwambao, ukipokea mawimbi ya Atlantiki kwa upande mmoja na kuyakinga mabwawa na bara kwa upande wa pili. Urefu wake ni kama kilomita 11, na upana wake hauzidi sana kilomita 2. Upande wa bahari mtakuta ufuo tambarare, na upande wa bara mtakuta nyasi za maji ya chumvi zisizo na mwisho, ambazo hugeuka rangi kadiri maji yanavyojaa na kupwa. Katikati imesimama mialoni mikubwa yenye matawi yaliyotambaa, na juu yake inaning'inia mimea ya kijivu mfano wa ndevu za mzee. Mama ataupenda mwanga wa jioni upande wa mabwawa, na hatalazimika kutembea hatua nyingi ili auone.

Sasa tuje kwa hao matajiri, ambao Baba hawataki. Mwaka 1886 ukoo wa du Bignon, uliomiliki kisiwa hiki tangu miaka ya 1790, ulikiuza kwa dola 125,000 kwa kundi la wenye fedha kutoka miji ya kaskazini waliokuwa wameunda Klabu ya Kisiwa cha Jekyll. Walitaka mahali pa kuwinda, pa kuikimbia baridi ya New York baada ya Krismasi, na juu ya yote mahali ambapo mtu asiyejulikana hawezi kuingia. Wanachama hawakutakiwa kuzidi 100. Jengo la klabu, lenye mnara wake wa mviringo, lilifunguliwa Januari 1888. J. P. Morgan mwenye benki alikuwa mwanachama; vivyo hivyo William Rockefeller, Joseph Pulitzer mwenye magazeti, William K. Vanderbilt, na Marshall Field wa Chicago. Wengi walifika kwa reli hadi Brunswick kisha wakavuka kwa mashua, lakini Morgan alikuja kwa meli yake ya Corsair, ambayo ilikuwa kubwa mno kwa gati la klabu ikabidi itie nanga mbali.

Nyumba walizojijengea kuizunguka klabu waliziita vibanda. Msidanganywe na jina hilo. Nyumba ya Rockefeller, iitwayo Indian Mound, ina vyumba 25. Ile ya Richard Teller Crane, iliyomalizika mwaka 1917, ina mabafu 17, jambo linaloeleweka kidogo mtu akijua kwamba mali ya familia hiyo ilitokana na kutengeneza mabomba na vifaa vya maji. Hata hivyo wanachama wenzake walinong'ona kwamba amezidisha. Pamoja na ukubwa huo, majiko yalikuwa madogo au hayakuwapo kabisa, kwa sababu mlo wa jioni uliliwa katika ukumbi wa klabu, ambako kila mmoja alimwona mwenzake na kuonwa naye.

Nafikiri Baba asikatae kuziona nyumba hizo, ila asianzie hapo. Ningekuwa mwenyeji wenu, siku ya kwanza ningelipita eneo hilo la kihistoria bila kusimama, nikaendesha gari moja kwa moja hadi ncha ya kusini, kwenye ufuo wa St. Andrews. Huko ndiko kwenye njia fupi ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2018, inayosimulia habari ya merikebu iliyoitwa Wanderer.

Wanderer ilikuwa merikebu ya anasa ya matanga, iliyojengwa New York mwaka 1857 kwa ajili ya mashindano na matembezi ya baharini ya watu wenye nafasi, na ilipeperusha bendera ya klabu ya mabaharia matajiri wa jiji hilo. Uzuri na kasi yake vilikuwa kinga tosha, kwa kuwa hakuna ofisa wa forodha aliyetarajia kukuta mateka ndani ya chombo cha starehe. Mwaka 1858 wamiliki wake wapya, akiwemo mfanyabiashara wa Savannah aitwaye Charles Lamar, walikirekebisha chombo hicho kwa siri na kukipeleka karibu na mdomo wa mto Kongo, ijapokuwa sheria ya Marekani ilikuwa imepiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo tangu mwaka 1808. Walipakiwa watu wapatao 487, wengi wao wavulana na vijana. Usiku wa tarehe 28 Novemba 1858 merikebu ilipofika Jekyll, waliokuwa hai walikuwa kama 409. Walishushwa hapo kwa sababu wenye kisiwa, wale wale du Bignon, walikubali. Baada ya siku chache mateka hao walitawanywa katika mashamba ya Georgia, South Carolina na kwingineko. Kesi zilifunguliwa Savannah, na mabaraza ya wazee wa mahakama yakawaachilia washtakiwa wakuu.

Naomba Baba alitazame jambo hili moja kwa jicho la mwalimu. Miaka 28 tu baada ya usiku ule, ukoo ule ule ulikiuza kisiwa kile kile kwa watu wa tabaka lile lile lililokuwa likistarehe kwa merikebu za aina ya Wanderer. Mtu akiisoma habari hii kwanza, kisha akaenda kukaa katika veranda ya klabu, ataiona veranda hiyo kwa namna nyingine. Akianza na veranda, habari ya Wanderer itakuwa kwake kama kiambatisho kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu, na hivyo ndivyo wageni wengi wanavyoikuta, wale wanaoikuta.

Lipo pia la kutugusa sisi tunaosema Kiswahili. Wengi wa walioshushwa hapo walikuwa wasemaji wa Kikongo, lugha ya Kibantu, ndugu ya lugha yetu. Mmoja wao, aliyejulikana katika utumwa kwa jina la Ward Lee, aliendelea kulitunza jina lake la asili, Cilucangy. Mwaka 1904, akiwa mzee katika South Carolina, alitoa tangazo la kuwaomba watu wamsaidie nauli ya kurudi kwao Afrika. Hakurudi. Miaka minne baadaye mtafiti mmoja, Charles Montgomery, alichapisha kumbukumbu za manusura aliozungumza nao pamoja na majina yao, na kwa njia hiyo baadhi yao wanatajwa leo kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Njia hiyo ya kumbukumbu imepangwa ili hata watoto waielewe, kwani inafuata safari ya mtoto aitwaye Umwalla kutoka kijiji chake hadi uhuru; mtu mzima asiidharau kwa sababu hiyo.

Kabla hamjaondoka St. Andrews, mtazameni mchanga wenyewe. Serikali ya Georgia ilipokifungua kisiwa, ilikifungua kwa Wazungu kwanza. Watu weusi walipodai haki yao walitengewa ncha hii ya kusini mwaka 1950, na ukawa ufuo wa kwanza wa umma katika Georgia ambao wao waliruhusiwa kuutumia. Mwaka 1959 ilijengwa hapo hoteli ya Dolphin kwa ajili yao, na familia zilitoka mbali kuja kuoga baharini na kusikiliza muziki. Ubaguzi huo kisiwani ulivunjwa mwaka 1964 kwa nguvu ya mahakama. Hebu fikiri: mahali pale pale waliposhushwa mateka wa Wanderer ndipo wajukuu wa watumwa walipopata, karibu karne moja baadaye, sehemu yao ya kwanza ya bahari, na bado ilikuwa imewekewa mpaka.

Siku hiyo hiyo, mkirudi kaskazini kwa barabara ya upande wa mabwawa, simameni kwenye magofu ya nyumba ya William Horton, iliyojengwa mwaka 1743. Horton alikuwa msaidizi wa James Oglethorpe, mwanzilishi wa koloni la Georgia, na huyo Oglethorpe ndiye aliyekipa kisiwa jina la rafiki yake wa London, Sir Joseph Jekyll. Kuta zake ni za tabby: chokaa iliyopatikana kwa kuchoma makombe ya chaza, ikachanganywa na mchanga, maji na makombe mazima, kisha ikamiminwa ndani ya fremu za mbao ikauke. Mtu aliyezoea kuona chokaa ya matumbawe katika majumba ya zamani ya mwambao wetu atazishika kuta hizo kwa mkono na kuzitambua kama za binamu. Gofu liko karibu sana na barabara, basi goti la Mama halitapata taabu.

Siku ya pili iwe ya klabu. Anzieni katika jumba la makumbusho la Mosaic, lililofunguliwa mwaka 2019 ndani ya zizi la zamani la farasi wa klabu, na kutoka hapo chukueni gari la watalii linaloendeshwa polepole na mwongozaji katikati ya nyumba, ambalo ni jibu kamili kwa tatizo la goti. Eneo lote la kihistoria ni kama ekari 240 za ardhi tambarare yenye vivuli. Kanisa dogo la Faith, la mwaka 1904, lina dirisha la vioo vya rangi lililotengenezwa na Louis Comfort Tiffany na kuwekwa mwaka 1921. Ingieni jua likiwa limelielekea. Kwa Baba ningechagua nyumba ya Hollybourne ya mwaka 1890, si kwa fahari yake bali kwa kuwa mwenyewe, Charles Stewart Maurice, alikuwa mhandisi wa madaraja, akaijenga kwa tabby kwa kuiheshimu kazi ya mafundi wa kale wa pwani ile. Karibu na hapo pamebaki msingi wa nyumba ya Edwin Gould, Chichota, pamoja na bwawa lake la kuogelea na simba wawili wa mawe wanaolinda lango la nyumba isiyokuwapo. Mtoto wa Gould alifariki katika ajali ya uwindaji hapo kisiwani mwaka 1917, na wazazi wake hawakuwa na hamu tena na mahali pale.

Mwulizeni mwongozaji kuhusu wafanyakazi. Kila chakula, kila kitanda kilichotandikwa na kila mashua iliyofungwa gatini palikuwa na mikono nyuma yake, na mingi ilikuwa ya watu weusi, wengine wakiishi katika safu ya nyumba iliyoitwa Red Row. Mwongozaji mzuri hulijibu swali hili kwa kirefu, na aliye mvivu hulijibu kwa sentensi moja; Baba atawapima mwenyewe.

Klabu ilidhoofishwa na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, vijana wa familia hizo wakapenda mahali pengine, na msimu wa 1942 ukawa wa mwisho. Aprili mwaka huo manowari ya Kijerumani ilizipiga meli mbili za mafuta karibu na kisiwa jirani cha St. Simons, na tangu hapo watu hupenda kusema kwamba vita ndivyo vilivyoifunga klabu. Vita viliufunga mlango ambao tayari ulikuwa umerudishwa. Jengo lenyewe sasa ni hoteli. Kama bei yake ni kubwa kwenu, laleni Brunswick na muingie kisiwani asubuhi, kwani chai ya alasiri katika veranda haihitaji kuwa na chumba.

Oktoba mmechagua vizuri. Joto limepungua na mbu wamepungua ingawa hawajakwisha. Msimu wa vimbunga rasmi huendelea hadi 30 Novemba, kwa hiyo fuateni taarifa za hali ya hewa siku chache kabla ya kuondoka.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwenye mitandao nimeona video nyingi zinazodai kwamba Benki Kuu ya Marekani ilibuniwa kwa siri na mabenki binafsi katika kisiwa hicho cha Jekyll. Wengine darasani wanasema ni uzushi mtupu. Kweli ni ipi? — Mwanafunzi wa uchumi

JIBU: Ndugu mwanafunzi, mkutano ulikuwapo na ulikuwa wa siri. Yaliyojengwa juu yake na wenye video ndiyo yanayohitaji chujio.

Mwaka 1907 Marekani ilipata msukosuko mkubwa wa mabenki, na mwaka uliofuata Bunge likaunda tume ya mambo ya fedha chini ya Seneta Nelson Aldrich. Novemba 1910 Aldrich alipanda behewa lake binafsi la reli pamoja na katibu wake, Arthur Shelton; A. Piatt Andrew wa Wizara ya Fedha; Henry Davison wa kampuni ya Morgan; Frank Vanderlip, mkuu wa benki kubwa ya New York; na Paul Warburg, mwanabenki mzaliwa wa Ujerumani aliyezijua benki kuu za Ulaya kuliko wote. Waliambiwa watumie majina yao ya kwanza tu, na kisingizio cha safari kilikuwa uwindaji wa bata. Walikaa Jekyll zaidi ya wiki moja, klabu ikiwa tupu kwa kuwa msimu haujaanza, wakaandika rasimu ya mpango. Walificha kwa sababu ya wazi: wakati ule mpango wowote wenye harufu ya Wall Street, yaani ya mabenki makubwa ya New York, ungezikwa bungeni kabla ya kusomwa. Wahusika wenyewe walikaa hadi miaka ya 1930 ndipo wakakiri waziwazi.

Lakini mpango huo, uliojulikana kama mpango wa Aldrich, haukupitishwa. Uchaguzi wa 1912 uliwaleta madarakani wapinzani wake, na sheria iliyoanzisha Federal Reserve, yaani hiyo Benki Kuu ya Marekani, iliyotiwa saini na Rais Woodrow Wilson tarehe 23 Desemba 1913, iliandikwa na watu wengine. Ni kweli kwamba ilichukua mambo mengi ya kiufundi kutoka katika rasimu ya Jekyll, na Warburg mwenyewe aliingia katika bodi ya kwanza. Tofauti kubwa ilikuwa mahali pa usukani: Aldrich aliutaka uwe mikononi mwa wanabenki, na sheria ya 1913 iliweka juu yao bodi ya Washington inayoteuliwa na Rais. Ukipenda kulaumu, laumu usiri wa mkutano, maana huo ndio uliozaa uvumi unaoendelea hadi leo. Katika hoteli ya klabu kuna chumba chenye jina la Federal Reserve. Kiulizie, ni chumba cha kawaida kiasi cha kukatisha tamaa.

Uwapo hapo, tafuta pia kumbukumbu ya simu. Tarehe 25 Januari 1915 laini ya kwanza ya simu kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi ilipozinduliwa rasmi, Alexander Graham Bell alikuwa New York, Thomas Watson San Francisco na Rais Wilson Washington; na Theodore Vail, mkuu wa kampuni ya simu ya AT&T, alikuwa anauguza mguu hapo Jekyll. Badala ya yeye kwenda kwenye simu, waya ulivutwa ukamfuata kisiwani.

SWALI: Mhariri, nimeona picha za ufuo wa Jekyll uliojaa miti mikubwa iliyokufa. Nini kiliiua? Na je, naweza kuchukua kipande kimoja nikipambe nyumbani? Tutakwenda na watoto mwezi wa Julai. — Msomaji

JIBU: Huo unaitwa Driftwood Beach, uko ncha ya kaskazini, na jina lake linapotosha kidogo kwa kuwa miti hiyo haikuletwa na maji kutoka mbali. Ni msitu wa mialoni na misonobari uliokuwa umesimama hapo hapo. Mikondo huuchukua mchanga wa kaskazini na kuusogeza kusini, kwa hiyo ncha moja ya kisiwa inaliwa huku nyingine ikinenepa, na mkondo wa meli uliochimbwa kuelekea bandari ya Brunswick huudaka mchanga ambao ungekuja kufidia. Bahari ilipofika kwenye mizizi, chumvi ikaiua miti, na jua likaifanya iwe na rangi ya fedha. Kisiwa kinga huhama. Majumba ndiyo hayahami. Baada ya kimbunga Dora cha mwaka 1964 yalimwagwa mawe makubwa katika sehemu ya katikati ya ufuo kuzuia mmomonyoko, na bado mtayaona.

Kuchukua kipande hairuhusiwi, hata kidogo cha kutosha mfukoni. Nendeni maji yakiwa yamepwa, kwa sababu tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani ya Georgia ni mita 2 hadi 3, na maji yakijaa hakuna pa kutembea.

Julai ni joto kali, lakini ni mwezi wa kasa. Kasa duvi wa kike hupanda ufukoni usiku kutaga tangu Mei hadi Agosti. Msiwashe tochi ya mwanga mweupe ufukoni usiku, fukieni mashimo ambayo watoto wamechimba, na jiandikisheni mapema kwa matembezi ya usiku yanayoongozwa na Kituo cha Kasa wa Bahari cha Georgia. Kituo hicho, kilichofunguliwa mwaka 2007, kimo ndani ya jengo lililokuwa likizalisha umeme wa klabu, na watoto wenu wataona kwa macho yao kasa waliojeruhiwa na boti wakitibiwa. Kwa maoni yangu hakuna jengo la matajiri lililopata kazi bora kuliko hilo.

SWALI: Jekyll au Cumberland? Tuna siku moja tu. — Wasomaji wawili, Jacksonville

JIBU: Inategemea mnataka kuona mali iliyotunzwa au iliyoachwa. Cumberland, kusini ya Jekyll, kilikuwa cha familia moja zaidi kuliko klabu. Thomas Carnegie, mdogo wake Andrew mwenye viwanda vya chuma, alinunua ardhi huko mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mjane wake Lucy akaendelea kujenga kwa ajili ya watoto wao. Nyumba kuu, Dungeness, iliungua mwaka 1959, na leo ni kuta za matofali zisizo na paa ambamo farasi wasiofugwa hula majani. Nyumba ya Plum Orchard ya mwaka 1898 bado imesimama. Kaskazini kabisa kuna kanisa dogo la mbao la Wabaptisti weusi, lililoanzishwa na watu waliotoka utumwani na watoto wao, lakini ni mbali mno na gati kwa mtu mwenye siku moja anayekwenda kwa miguu.

Tangu 1972 kisiwa kiko chini ya idara ya hifadhi za taifa, hakina daraja, na idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, hivyo tiketi ya kivuko cha kutoka St. Marys hununuliwa mapema. Kama miguu yenu ni imara na hamjali vumbi, nendeni Cumberland. Jekyll mnaweza kuirudia wikendi yoyote kwa gari. Chukueni chakula na maji tangu bara, kwa kuwa kisiwani hakuna duka, na takataka zenu mtarudi nazo. Mashua ya mwisho ikiwaacha, itawabidi kukodi nyingine kwa gharama yenu.